Jiwe la Tabaka lina mwenyewe

Sanamu na mabakuli ya mawe kutoka Kisii yamejaa katika sebule za Kenya na za ng'ambo, lakini ni wachache wanaojua majina ya waliovichonga vitu hivyo. Mwandishi wetu alizuru Tabaka kuwatafuta wenyewe.

KATIKA kabati la vyombo la mama yangu, nyuma ya kioo, kuna ndovu wa jiwe. Amekaa pale tangu nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Mkonga wake ulivunjika zamani ukaunganishwa kwa gundi, na kila Krismasi hutolewa, hupanguswa vumbi na kurudishwa mahali pake kati ya birika la chai na vikombe ambavyo havijawahi kunywewa na mtu. Wageni wengi wamemsifu ndovu huyo. Wameuliza alinunuliwa wapi na kwa pesa ngapi. Sikumbuki hata mmoja aliyeuliza alichongwa na nani.

Swali hilo ndilo lililonitoa kitandani saa kumi alfajiri siku moja, nikashika njia ya kwenda Tabaka, Mugirango Kusini, katika Kaunti ya Kisii. Huko ndiko jiwe hilo linakochimbwa na kuchongwa. Baadhi yetu hulijua kama jiwe la Kisii, wengine huliita jiwe la sabuni kwa sababu ukilipapasa likiwa limelowa huteleza mkononi kama kipande cha sabuni.

Safari kutoka Nairobi ni ya zaidi ya kilomita 300. Tuliteremka Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu kukiwa bado na giza, jua likatukuta tukiikaribia Narok. Tulipita mashamba ya ngano, kisha tukaingia Bomet na Sotik ambako majani chai yametanda vilimani mithili ya zulia. Baada ya hapo vilima vilizidi kubanana na mashamba yakazidi kuwa madogo. Ukiona migomba imesimama hadi ukingoni mwa lami, na majirani wanaweza kuombana chumvi bila mtu kutoka jikoni mwake, jua kwamba umefika kwa Abagusii.

Mji wa Kisii ulinipokea kwa kelele za makanga na harufu ya ndizi mbivu. Hapo nilibadilisha gari na kuketi kando ya mama mmoja aliyekuwa na kuku ndani ya kikapu na mtoto mapajani. Mtoto alipoanza kulia akimwita yule mama "baba", nilidhani nimesikia vibaya. Mama yule aliniona nikishangaa akacheka. Akanieleza kwamba katika Ekegusii mama ndiye huitwa "baba", naye baba huitwa "tata".

"Huku kwetu usikimbilie kumwita mtu," akaniambia. "Uliza kwanza jina."

Sikujua wakati huo kwamba alikuwa amenipa ushauri ambao ningeuhitaji siku nzima.

Vumbi lenye rangi

Tulipoiacha barabara kuu iendayo Rongo na Migori, udongo mwekundu ulianza kuchanganyika na vumbi jeupe. Kadiri tulivyokaribia Tabaka ndivyo weupe huo ulivyozidi. Ulikuwa juu ya majani ya migahawa na ya migomba, juu ya paa za maduka, na kwenye nywele za vijana waliokuwa wameketi kando ya njia. Mashimo ya barabarani yalikuwa yamezibwa kwa vipande vya mawe yaliyovunjika, vingine vya rangi ya waridi, vingine vya rangi ya maziwa, vingine vya kijivu. Mahali pengine takataka ni maganda ya miwa na karatasi. Hapa takataka ni masikio ya viboko na shingo za twiga zilizovunjika kabla ya kumalizika.

Jambo la pili analotambua mgeni ni sauti. Si kelele za mashine. Ni panga likigonga jiwe, kwanza katika boma moja, kisha katika boma la jirani, halafu ng'ambo ya bonde. Nyumba nyingi hazina karakana. Karakana ni kivuli cha mparachichi nyuma ya jikoni, gogo la kukalia na gunia lililolowa.

Wazee wa huku husimulia kwamba babu zao walilichonga jiwe hili kabla mtalii wa kwanza hajawaza kuja. Walitengeneza mabakuli, viko vya kuvutia tumbaku na mbao za kuchezea bao. Kilichobadilika ni mnunuzi. Bakuli lilichongwa kwa ajili ya jirani ambaye mchongaji alimfahamu kwa jina, na jirani naye alimfahamu mchongaji. Siku hizi bakuli huondoka Tabaka likiwa limefungwa katika magazeti makuukuu ndani ya katoni, likaenda kwa mtu ambaye hatakanyaga Kisii maishani mwake.

Machimboni

Kijana mmoja mchongaji alikubali kunipeleka machimboni. Tulipita katikati ya shamba la mahindi, tukaruka mfereji, na ghafla ardhi ikafunguka mbele yetu. Lilikuwa shimo kubwa ambalo watu waliokuwa chini walionekana kama watoto. Juu palikuwa na udongo mwekundu wenye rutuba ambao Kisii inasifika kwao. Chini ya udongo huo palikuwa na kuta za jiwe zenye mistari na rangi mbalimbali, kana kwamba mtu amepanga vitambaa dukani.

Sikuona trekta wala mashine ya kukatia. Niliona sururu, mitaimbo, majembe na sepetu. Wanaume wanne walikuwa wakilitikisa jiwe lenye ukubwa wa ng'ombe, wakilitia mtaimbo upande huu na kulipumzisha, kisha upande ule. Lilipong'oka walipiga kelele za furaha, halafu kila mmoja akaanza kulikagua. Mmoja aligonga kwa mgongo wa panga akatega sikio. Kijana wangu alinieleza kwamba jiwe zima hulia, na lenye ufa huguna. Jiwe linaloguna halifai kuchongwa kitu kirefu, labda visahani tu.

Kazi hii haina mzaha. Mvua ikinyesha, kuta hulegea na zinaweza kumporomokea mtu aliye chini. Machimbo yaliyoachwa hujaa maji na kugeuka mabwawa ya kutisha karibu na njia wanazopitia watoto wa shule. Aidha, shamba likishachimbwa halirudi kuwa shamba. Mwenye ardhi anayeuza jiwe lake leo huwa ameuza pia mahindi ya kesho, na katika eneo ambalo mashamba ni madogo hivi, huo ni uamuzi unaokosesha familia usingizi.

Nilimuuliza yule kijana kama jiwe linaweza kwisha. Alitazama shimo kwa muda. Akajibu kwamba chini bado lipo, lakini kila mwaka wanalifuata mbali zaidi. Nilikumbuka wachongaji wa Ukambani. Historia inamtaja Mutisya Munge wa Wamunyu kuwa ndiye aliyejifunza ufundi wa vinyago huko Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaurudisha kwao. Ufundi huo ulienea na kulisha maelfu ya jamaa, hata miti ya muhugu ikawa adimu na wachongaji wakalazimika kutafuta miti mingine. Mti angalau hupandwa. Jiwe nani alipande?

Mikono miwili

Kutoka machimboni mawe hubebwa kwa mikokoteni, migongoni na vichwani hadi mabomani. Huko nilimpata mzee mmoja aliyekuwa ameketi chini ya mparachichi wake, miguu yake ikiwa meupe kwa vumbi hadi magotini. Alinikaribisha kigoda, akaendelea na kazi.

Jiwe lake lilikuwa limefunikwa gunia bichi. Mzee alinieleza kwamba jiwe likitoka ardhini huwa na maji yake, na maji hayo ndiyo huruhusu kisu kupita. Likiachwa juani hukauka na kuwa gumu, mchongaji akapoteza siku nzima kwa kazi ya saa mbili. Alilikata kwanza kwa msumeno mkuukuu, akaliondoa kingo kwa panga, kisha akachukua kisu kilichotengenezwa kwa chuma chakavu na kuanza kulikomba ndani kwa mizunguko. Hakuwa na mchoro wala kipimo. Kila baada ya muda alilipa bakuli kidole gumba, ndani na nje, kupima unene wake.

Baada ya muda usiozidi saa moja alikuwa na bakuli kamili, lakini lilikuwa chafu na lenye makwaruzo. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimeona nusu tu ya kazi. Alilisukuma kando, na mkewe akalichukua.

Mama huyo alikuwa na karai mbili za maji na vipande vya msasa. Alilitumbukiza bakuli majini, akaanza kulisugua kwa msasa mkali, kisha wa kadiri, na mwisho ule laini kabisa. Maji yaligeuka kuwa kama uji. Kusugua jiwe likiwa majini hupunguza vumbi la kuvutwa puani, lakini mikono haina pa kujificha. Alinionyesha vidole vyake. Ncha zake zilikuwa laini, hazina alama, kama vile msasa uliokuwa ukila jiwe ulikuwa umekula na ngozi.

Bakuli likishakauka juani hupakwa nta na kung'arishwa kwa kitambaa. Mengine huvikwa rangi nyeusi, nyekundu au samawati, kisha msichana au kijana mwenye mkono mtulivu huchora juu yake kwa chombo chenye ncha, akiikwangua rangi ili weupe wa jiwe utokeze. Hapo utaona twiga, samaki, mistari na maua.

Katika boma hilo, kama katika maboma mengi niliyopita, wanaume ndio huchonga na wanawake ndio husafisha na kung'arisha. Hata hivyo, mtu akisema "mchongaji wa Kisii" humfikiria mwanamume peke yake. Pesa nazo hufuata fikira hiyo. Mchongaji hulipwa kwa kipande alichokichonga, na mama hulipwa ujira mdogo kwa kila kipande alichokilainisha, ingawa bila mkono wake hakuna duka ambalo lingekiweka dirishani.

Simba asiyeonekana

Kando ya mzee palikuwa na safu ya sanamu zilizosubiri msasa. Kulikuwa na simba watano, Wamasai wanane wenye mikuki na ndovu wasiohesabika. Nilimuuliza kama amewahi kuonana na simba.

"Kwenye kalenda," akajibu bila kutabasamu.

Alinieleza jinsi mambo yanavyokwenda. Broka huja na picha katika simu. Mteja wa ng'ambo anataka viboko mia mbili wa kushikilia mishumaa, wote wawe sawa. Mwezi ujao anataka mioyo midogo ya kuwekwa mezani. Kuna wakati waliletewa picha ya mnyama ambaye hakuna mtu Tabaka aliyemjua jina, wakamchonga hivyo hivyo, na baadaye mwalimu wa shule ya hapo akawaambia kwamba huyo anaishi kwenye barafu. Mtalii anapotaka kumbukumbu ya Kenya hutaka Mmasai na simba, kwa hiyo Mgusii humchongea Mmasai na simba. Utamaduni wa mtu mmoja huuzwa kwa mkono wa mtu mwingine, na hakuna kati yao anayetajwa kwenye risiti.

Nilimuuliza angechonga nini kama hakuna aliyemwagiza. Mzee alinyamaza. Baadaye aliinuka, akaingia ndani na kurudi na kitu kilichofungwa kwa kanga. Lilikuwa jiwe la rangi ya waridi lenye kimo cha mkono kutoka kiwiko hadi kidoleni. Mtu mzee ameketi, amelikumbatia obokano, ile zeze kubwa ya Abagusii yenye nyuzi nane, na ameliinamia kana kwamba anasikiliza kitu kilicho ndani yake. Uso haukuwa na macho. Mzee alisema alimwona babu yake akiketi hivyo.

Broka aliliangalia mara moja, akasema halina soko. Tangu siku hiyo liko ndani.

Walioandika majina

Si kwamba jiwe la Kisii haliwezi kuwa na jina. Elkana Ong'esa, ambaye ni mzaliwa wa maeneo haya haya ya Tabaka, alilichukua jiwe lile lile wanalotengenezea visahani akachonga sanamu kubwa ambazo watu husimama mbele yake na kuzizunguka. Sanamu yake ya ndege wa amani anayechomoza kutoka kwa jiwe la kukata tamaa ilifika hadi makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Mwaka 2014, Kenya ilipoalikwa katika tamasha la utamaduni la Smithsonian mjini Washington, Ong'esa alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuonyesha jinsi jiwe la kwao linavyochongwa. Tofauti kati yake na mzee wa chini ya mparachichi si jiwe. Ong'esa alichonga alichokiona yeye mwenyewe, akakitia jina lake.

Naye jina hilo lilihitaji watu wa kulisoma. Marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alitumia maisha yake kukusanya kazi za mikono ya Waafrika wakati ambapo wengi wetu tuliziona kuwa vitu vya kuwauzia wageni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage jijini Nairobi. Murumbi alifariki mwaka 1990 akazikwa kando ya City Park, na sehemu ya mkusanyiko wake inaweza kuonekana katika Nairobi Gallery, lile jengo la zamani lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Wakenya wengi hupita mbele ya jengo hilo kila siku wakikimbilia matatu. Ni wachache wanaoingia.

Tangu wakati huo, wasanii wetu kadhaa wamethibitisha kwamba kitu kilicho karibu na mkono kinaweza kumtambulisha mtu kuliko pasipoti yake. Rosemary Karuga, aliyezaliwa mwaka 1928 na kusomea sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, alifundisha shule kwa miaka mingi. Alipokuwa mtu mzima wa makamo alianza kukata karatasi za pakiti za unga na sabuni, akizibandika hadi zikawa wanawake, kuku na watoto wa kijijini. Vitu alivyotupa mwenzake jikoni, yeye alivigeuza kuwa picha za maisha ya jikoni humo humo. Alifariki mwaka 2021.

Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1950, alikwenda Uingereza kusoma, lakini udongo ulimrudisha Afrika. Katika miaka ya 1970 alikaa Abuja, Nigeria, akijifunza kwa wanawake wafinyanzi jinsi ya kuinua chungu kwa mikono mitupu, bila gurudumu. Vyungu vyake vyenye shingo na matumbo kama ya binadamu vimewekwa katika majumba ya makumbusho ya dunia, na hakuna anayeviuliza bei bila kwanza kulitaja jina la mfinyanzi.

Na katika mtaa wa Mukuru, kando ya Eneo la Viwanda la Nairobi, kundi la vijana wanaojiita Wajukuu walichukua mabati. Walipoalikwa katika maonyesho makubwa ya Documenta mjini Kassel, Ujerumani, mwaka 2022, waliufunika mlango wa jumba moja la maonyesho kwa mabati yaliyochakaa, wageni wakalazimika kupita gizani kama mtu anayeingia manyatta au nyumba ya mtaa wa mabanda. Mmoja wao, Ngugi Waweru, alitengeneza sanamu kwa visu vilivyolika kwa kunolewa sana, akiikumbuka methali ya Wagikuyu kuhusu kisu kikali kinachomkata mwenyewe. Mwaka huo huo Wajukuu walitunukiwa Tuzo ya Arnold Bode huko Kassel.

Karatasi ya unga, udongo, bati, kisu, jiwe. Hivi ni vitu ambavyo kila Mkenya amewahi kuvishika. Wasanii hawa hawakuvificha asili yake ili vionekane vya thamani. Walituonyesha kwamba bati linajua kisa cha Mukuru kuliko rangi ya dukani, na kwamba jiwe linamjua Mgusii kabla halijamjua Mmasai.

Lakini itakuwa makosa kumwambia mzee wa Tabaka aache viboko vya mishumaa aanze kuchonga ndoto zake. Karo ya shule haingoji ndoto. Mwaka 2020, janga la korona lilipofunga viwanja vya ndege na hoteli, katoni zilibaki zimerundikana Tabaka na wachongaji wakarudi kulima vibarua. Mtu aliyepitia hayo hawezi kulaumiwa kwa kumchongea mteja anachotaka. Anachodai ni kidogo zaidi ya hapo, nacho hakimgharimu broka hata senti. Anadai ijulikane kwamba kazi ni yake.

Sahihi chini ya bakuli

Jua lilikuwa limeanza kuteremka nilipoamua kununua lile bakuli nililoliona likizaliwa. Bei aliyonitajia mzee isingetosha kununua chakula cha mchana katika hoteli ya wastani jijini. Nilimlipa, kisha nikalipindua.

"Mzee, mbona hukuandika jina lako?"

"Mwanangu, jina langu litamsaidia nani?" akauliza. "Nikiandika chini, broka atasema nimelichafua, apunguze bei. Yeye hutaka chini pawe safi, apate pa kubandika karatasi yake."

"Mimi si broka. Niandikie."

Alinitazama kwa muda mrefu kama anayetafuta mtego. Mwishowe alichukua kisu, akalilaza bakuli kifudifudi juu ya goti na kuanza kuandika herufi ya kwanza. Mkono uliozoea kumkata ndovu bila kipimo ulianza kutetemeka.

Mkewe alikuwa amenyamaza muda wote huo, mikono ikiwa ndani ya karai. Sasa aliinua kichwa.

"Kama unaandika, andika mawili," akasema. "Wewe ulikata tu. Aliyelifanya ling'ae ni nani?"

Mzee aliacha kuandika. Watoto waliokuwa wakituchungulia kutoka jikoni walicheka. Mimi niliogopa kwamba nimezua ugomvi katika nyumba ya watu. Lakini mzee alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekumbushwa deni la kweli, akaongeza herufi nyingine kando ya ile yake. Mama alilipokea bakuli, akapitisha kidole juu ya maandishi, akaguna. Alisema mwandiko wa mumewe unakwaruza. Akachukua kipande cha msasa laini, akazisugua zile herufi mbili hadi kingo zake zikalainika, ndipo akanikabidhi.

Siku niliporudi nyumbani nilimtoa yule ndovu kabatini nikamgeuza. Chini ya tumbo palikuwa na karatasi ndogo iliyofifia yenye nusu ya bei na nusu ya jina la duka. Hapakuwa na kitu kingine. Nilijaribu kuhesabu ni mikono mingapi ilimpitia kabla hajafika kwetu, tangu aliyemng'oa ardhini hadi aliyemlainisha mgongo, nikashindwa. Mama aliniuliza ninatafuta nini. Nilipomweleza, alimchukua ndovu mkononi na kumtazama kwa makini, labda kwa mara ya kwanza tangu amnunue.

Wahenga walisema Mgala muue na haki yake umpe. Ewe msomaji, wewe nawe huenda una bakuli, kiboko au ubao wa sataranji wa jiwe nyumbani. Hebu kigeuze utazame chini. Na siku ukipita Tabaka, au ukikutana na mawe hayo kwenye Soko la Wamasai jijini Nairobi, kabla hujauliza bei, fuata ushauri wa yule mama wa kwenye matatu. Uliza kwanza jina. Na ukijibiwa jina moja tu, uliza la pili.